Nina banda la gemu Tandika. Hivi magemu ya kusaidiana yanaweza kumpa dogo utu?

#1 Mzee wa Padi

Heshima kwenu wakuu.

Nina banda la gemu huku Tandika, Dar, mwaka wa saba sasa. TV nne, PS4 tatu na PS3 moja iliyobaki kwa heshima tu, maana padi yake haipandi juu mpaka uisukume kwa kidole gumba kama unakamua chunusi. Sare za shule sipokei, na saa moja usiku nafunga. Hilo nalisema mapema kabla hamjanishukia.

Mkate wangu ni FIFA, gemu la mpira. Banda la uswazi bila FIFA linakufa, asikudanganye mtu. Mechi moja mia tatu, aliyefungwa analipa na kutoka, mshindi anabaki. Utaratibu huu sikuubuni mimi, niliukuta mjini. Na vurugu zake mnazijua: matusi, padi kurushwa, dogo wa darasa la nne analia kwa sababu hela ya maharage aliyotumwa imeishia kwenye mechi tano mfululizo. Kuna mwaka mama mmoja alikuja na mwiko.

Sasa mwezi wa tatu jamaa mmoja alikuwa anahama, akaniuzia CD sita kwa mpigo. Tano ni mpira na ngumi. Ya sita inaitwa Overcooked. Nilitaka kuitupa. Ni gemu la kupika, mnacheza wawili mpaka wanne, wote jikoni. Huyu anakata kitunguu, yule anatia sufuriani, mwingine anapakua, mwingine anaosha sahani, na oda zinazidi kumiminika huku muda unakata. Mkisahau sufuria, jiko linashika moto, mnaanza kukimbizana kutafuta mtungi wa kuzimia. Hakuna wa kumfunga. Mnapona wote au mnaungua wote.

Kwa kuwa hakuna aliyefungwa, nikakosa wa kumlipisha. Nikaweka nusu saa buku, mchange mnavyojua wenyewe.

Kuna dogo wa miaka kama tisa, mama yake anapika chapati pale kona. Miaka yote huyu ni mtu wa kusimama mlangoni kushabikia, mfukoni hana kitu. Siku moja wakubwa watatu walikuwa na mia tisa. Wakageuka mlangoni: "We dogo, una mia?" Dogo anayo. Wakamwingiza, wakampa kazi ya kuosha sahani. Mnajua alivyoosha? Ulimi nje, macho hayapepesi. Baada ya siku mbili tatu akaja mikono mitupu, na yule mkubwa wao, ambaye kwenye FIFA ndiye bingwa wangu wa kurusha padi, akamlipia. Jioni napita kwenye chapati namkuta huyohuyo kabeba beseni la unga wa yule mama, dogo yuko mbele anamwonyesha njia.

Mke wangu anasema gemu limewafundisha. Jirani yangu fundi simu anasema nimezeeka, nimeanza kuona malaika kwenye PS4. Nyie mnasemaje? Gemu la kusaidiana linaweza kumgeuza mtoto, au ni mauzauza yangu?

Nawasilisha.

#2 Kapuku Jasiri

Nimekaa paleee na karanga zangu. Wajuvi njooni.

#3 Tozo Buku

Chai. Hili ni tangazo la banda limevikwa kanzu. Subirini ukurasa wa pili atataja mtaa na namba ya simu.

#4 Mzee wa Padi

Mkuu Tozo Buku, Tandika ina mabanda mengi kuliko maduka ya dawa. Sitaji langu liko wapi. Jibu swali.

#5 Kitabu Wazi

Mkuu Mzee wa Padi, hayo mauzauza yako watu wameyafanyia utafiti miaka mingi. Nasoma saikolojia Mlimani, mwaka wa tatu, na hii ndiyo mada pekee niliyosoma bila kusinzia, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka 2009 Gentile na wenzake walichapisha kazi iliyogusa nchi tatu. Singapore waliwahoji wanafunzi 727, Japani wakafuatilia watoto na vijana 1,995, Marekani wakawaita wanachuo 161 na kuwakalisha wacheze. Hii ya Marekani ndiyo tamu. Kundi moja lilipewa magemu ya kusaidia, mfano Super Mario Sunshine, ambamo Mario anazunguka kisiwani na pampu ya maji mgongoni akisafisha uchafu. Wengine wakapewa magemu ya kupigana, wengine yasiyo huku wala kule. Kisha kila mmoja akaambiwa: mchagulie mwenzako mafumbo 11 ya kupanga vipande, yapo mepesi, ya kati na magumu, akimaliza 10 anapata vocha ya dola 10. Hapo ndipo unapomjua mtu. Ukimtakia mema unampa mepesi, ukitaka kumkomoa unampa magumu. Waliotoka kusafisha kisiwa waliwapa wenzao mepesi zaidi, na waliotoka kupigana wakawakomoa zaidi.

Mwaka uliofuata Greitemeyer na Osswald wakaja na la kwao. Watu 54. Theluthi wakacheza Lemmings, lile la vijidude vinavyotembea kuelekea shimoni kama vipofu na wewe kazi yako kuviokoa. Theluthi Tetris, lile la kupanga matofali yanayoanguka, lisilo huku wala kule, na theluthi gemu la kuviua vijidude vya aina hiyohiyo. Wakimaliza, mtafiti anajifanya kaangusha kopo la penseli kwa bahati mbaya. Nani atainama kuokota? Wa Lemmings asilimia 67, wa Tetris 33, wa kuua 28.

Na hawakuishia kwenye penseli. Jaribio lingine waliweka igizo: mtafiti ni dada, anaingia mwanaume anajifanya mpenzi wake wa zamani, anaanza kumfokea na kumvuta mkono. Waliotoka kwenye gemu la uokoaji asilimia 56 waliingilia kati. Wa Tetris ni 22 tu.

Kwa hiyo mke wako ana watu nyuma yake.

#6 Konda Mstaafu

Kitabu Wazi nakuheshimu kijana wangu, ila mimi nimekaa mlangoni mwa daladala miaka kumi na moja, Mbagala kwenda Kariakoo, na utu wa watu wa mji huu nimeuona kwa karibu kuliko hao wazungu na penseli zao.

Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na tisa, anacheza Free Fire mpaka simu inaunguza mto. Mle ndani wanakuwa wanne, mwenzako akipigwa risasi anaanguka, inabidi ukimbie umnyanyue kabla hajamaliziwa. Namsikia usiku: "Nakuja, nakuja, usikate tamaa, nakunyanyua!" Moyo wangu unajaa. Nasema mwanangu jamani ana huruma.

Jumatatu tumepanda gari moja. Mama mjamzito kasimama palepale mbele yake, tumbo linakaribia kumgusa uso. Yeye? Kichwa kwenye simu, ananyanyua watu wa Free Fire. Nikampiga kofi la kisogo mbele ya abiria.

Kwenye gemu anamnyanyua mtu asiyemjua mara tano kwa usiku. Kwenye siti hanyanyuki.

#7 Kapuku Jasiri

😂😂😂 Mzee Konda, pole kwa kisogo cha mwanao.

#8 Mama Wawili

Mimi wangu ana miaka kumi, anacheza la kulea paka kwenye simu yangu. Paka akisikia njaa simu inalia, mtoto anakimbia kumpa samaki, anamwogesha, anambembeleza alale. Siku simu iliisha chaji alilia kwa uchungu kweli kwamba paka atalala njaa.

Nyumbani kwetu Mbezi bibi yake anafuga kuku kumi na wawili. Kazi ya maji ya kuku ni ya huyuhuyu mpenda paka. Mara ngapi nimekuta kopo kavu, kuku wamefungua midomo kwa joto la saa nane? Nikimuuliza ananijibu, "Mama, kuku hawalii simu."

Nimelifikiria sana jibu lake. Hakuwa anaringa. Alikuwa anaeleza ukweli wake.

#9 Mwalimu wa Zamu

Mnaongea kana kwamba magemu ya kusaidia yamekuja na CD. Kombolela tulicheza wapi? Mmoja anahesabu na kopo lake, wengine wanajificha, kila anayeonekana anakamatwa anasimama pembeni. Anabaki mmoja kichakani. Angeweza kukaa hukohuko mpaka magharibi akawa salama. Lakini anatoka mbio, anapiga teke kopo, "Kombolela!", na waliokamatwa wote wako huru. Kama hilo si gemu la kuwasaidia wengine ni nini?

Na je, lilitupa utu? Kwetu Keko bingwa wa kukomboa alikuwa jamaa mmoja mwepesi ajabu, alitukomboa utoto mzima. Huyohuyo ndiye aliyekuwa anatuibia maembe tuliyoficha. Sasa hivi ni dalali wa viwanja, sitaki kusema zaidi.

Ila nisiwe mkavu kiasi hicho. Kufundisha tabia njema kupitia burudani kunawezekana, tena hapahapa. Wengi mnakumbuka kipindi cha watoto cha Kilimani Sesame kwenye TV. Ulifanyika utafiti kwa watoto wadogo wa Kisarawe na wa hapa Dar, ukatoka mwaka 2010, na walioangalia zaidi walionekana kupata faida, mambo ya kuishi na wenzao yakiwemo. Kwa hiyo kioo si adui. Ninachouliza ni kama ukishika padi unajifunza zaidi kuliko ukiangalia tu, na kama somo hilo linavuka mlango wa banda. Darasani nina watoto wanaojua kukariri "tusaidiane" kwa wimbo na makofi, kengele ya uji ikilia wanakanyagana.

#10 Kitabu Wazi

Mwalimu, hapo kwenye kuvuka mlango ndipo penyewe. Niongeze upande wa pili nisionekane nimekula rushwa ya mke wa Mzee wa Padi.

Mwaka 2014 Greitemeyer na Mügge walizichambua tafiti 98 kwa pamoja, washiriki 36,965. Mwelekeo ukabaki uleule, magemu ya kusaidia yanasogeza watu kwenye wema, ya ukatili yanawasogeza kinyume. Lakini yanasogeza kidogo. Ni msukumo wa bega, si wa gari.

Halafu kuna waliorudia kwa utaratibu mwingine wakakosa. Tear na Nielsen, Australia, 2013, walifanya majaribio matatu, kalamu zikaangushwa tena (kalamu za wanasaikolojia zina maisha magumu), na waliocheza magemu ya ukatili hawakupungua wema wao. Na 2019 Przybylski na Weinstein wa Uingereza walichukua vijana 1,004 wa miaka 14 na 15, wakawauliza wazazi wao kuhusu tabia zao badala ya kuwauliza vijana peke yao. Kabla ya kukusanya chochote walitangaza hadharani watapima nini na kwa njia gani, wasije wakachagua majibu baadaye. Hawakuona magemu ya ukatili yakiambatana na ukorofi.

Jambo la pili. Karibu majaribio yote haya ya kalamu yanapima dakika ileile mtu anaponyanyuka kitini. Hakuna anayemfuata Jumatatu kwenye daladala ya Mzee Konda.

La tatu ni lako mwenyewe, Mzee wa Padi. Umebadilisha vitu viwili siku moja. Umebadilisha gemu, na umebadilisha malipo. FIFA ni aliyefungwa analipa. Overcooked ni mchange. Sasa dogo wa chapati kaingizwa na upishi au kaingizwa na mia yake? Huwezi kujua mpaka uvitenganishe.

#11 Tozo Buku

Hapo sasa mmeanza kuongea. Mzee wa Padi, wewe una maabara wazungu hawana. Fanya hivi: FIFA wacheze upande mmoja wote, dhidi ya mashine, wachange kwa muda. Overcooked wacheze kwa kufungana, aliyefungwa alipe. Wiki moja moja. Halafu mwaga kopo la kitu uone nani anaokota.

Usimwage hela. Tandika hiyo, wataokota wote na hutaziona.

#12 Mzee wa Padi

Nimekubali. Nipeni wiki mbili.

#13 Kapuku Jasiri

Uzi umehama kutoka jukwaa la burudani kwenda la sayansi bila nauli.

#14 Mzee wa Padi

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, zilikuwa wiki tatu, katikati transfoma ya mtaa iliungua.

Nianze na kopo maana limenitia aibu. Nina kopo la visoda, vya drafti, wazee wanachezea nje ya banda. Siku ya kwanza nikalimwaga saa kumi jioni wakati madogo wanatoka. Wanne waliinama. Siku ya pili nikamwaga tena. Watatu. Siku ya tatu nimelishika tu kopo, dogo mmoja akasema, "Bro, mkono wako una mafuta? Kila siku saa kumi unamwaga visoda." Banda zima likacheka. Siku ya nne wakaanza kunimwagia wao ili waone nitaokota. Kopo nimelirudisha kwa wazee. Kitabu Wazi, hao wanachuo wa Ulaya hawakushtuka kweli?

Sasa matokeo, kama yanaitwa hivyo.

Wiki ya Overcooked kwa kufungana. Kumbe mle ndani upo upande wa kushindana, timu kwa timu. Nikaweka wawili kwa wawili, timu iliyofungwa inalipa. Jiko lilelile, kitunguu kilekile. Siku ya pili tu padi imeruka. Wakawa wanapangana kabla: fulani mzito, simtaki. Dogo wa chapati akarudi mlangoni kwake kushabikia. Yule mkubwa aliyembebea mama beseni alimwambia, nanukuu, "Leo tunacheza hela, we utatuunguza." Sikumlaumu. Hela ilikuwa ya kweli.

Wiki ya FIFA ya kuchanga, wanne upande mmoja dhidi ya mashine. Hapa nilitegemea vurugu za "mbona hupasi". Zilikuwepo. Lakini matusi yalipungua mpaka jirani fundi simu akaja kuuliza kama nimefunga. Walikuwa wanatafutana barabarani wachange, mwenye mia nne anamsubiri mwenye mia sita, waliokosana jana leo wanaitana "mwanangu". Goli likiingia wanarukiana. Kwa hiyo jirani na Kitabu Wazi mkae upande wenu mfurahi, malipo yamefanya kazi kubwa.

Ila kuna kitu kimoja, na hiki sikukitegemea.

Kwenye FIFA ya kuchanga dogo wa chapati aliingizwa pia, ana mia yake. Wakampa ile padi mbovu, maana FIFA ya kuchanga niliichezesha kwenye ile PS3. Wakamwambia, "We kaa nyuma, usiguse mpira." Akakaa. Nusu saa nzima beki wake anatembeatembea kama mlinzi wa ghala, yeye kimya. Kesho yake akaja, akasimama mlangoni. Nikamuuliza mbona huingii, mia yako nimeiona mkononi. Akasema, "Kule sina kazi."

Kwenye jiko ana kazi. Sahani zisipooshwa hakuna chakula kinachotoka, hata uwe fundi wa kukata vitunguu kiasi gani. Walikuwa wanamwita kwa sauti: "Sahani! Dogo, sahani!" Na alivyokuwa haoshi haraka mwanzoni, yule mkubwa aliacha kukata akaenda kumwonyesha kitufe. Hakumwonyesha kwa huruma. Alimwonyesha kwa sababu oda ilikuwa inaisha muda. Huruma, kama ni huruma, nadhani ilikuja baadaye.

Ndiyo niliyoyaona. Sijui mnayaitaje kitaalamu.

#15 Kitabu Wazi

Mzee wa Padi, hilo la kopo lina jina refu kitabuni, lakini madogo wako wamelieleza vizuri kuliko kitabu: mtu akijua anapimwa, unachopima kinakuwa kingine.

Hili la "kule sina kazi" nimeliandika kwenye daftari langu. Magemu mengi ambayo tafiti zinayaita ya kusaidia, unayemsaidia ni katuni. Kijidude cha Lemmings hakina mia mfukoni wala mama anayeuza chapati. Wewe una mtu wa kweli kakaa ubavuni, viwiko vinagusana. Ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi tunavibeba kwenye kapu moja.

Kuna jaribio la Stanford la 2013 linanijia. Watu 60 walivaa yale miwani ya uhalisia pepe, wakaingizwa kwenye mji wa bandia. Nusu yao waliruka wenyewe angani kama ndege, nusu wakawa abiria wa helikopta. Katika kila kundi wengine walikuwa wanamtafuta mtoto mwenye kisukari anayehitaji insulini, wengine wanatalii tu. Baadaye kalamu, kama kawaida. Sita hawakuokota hata moja, na wote sita ni abiria wa helikopta. Watafiti walidhani labda anayeruka mwenyewe anajiona ana uwezo, anajiona mtu wa kusaidia. Abiria anapelekwa tu.

Beki wa PS3 ni abiria wa helikopta.

#16 Konda Mstaafu

Kwa hiyo mwanangu kwenye daladala ni abiria.

#17 Tozo Buku

Mzee Konda 😂 ulikuwa unangoja hiyo tangu ukurasa wa kwanza.

Mzee wa Padi nafuta neno chai. Ila nina swali la biashara. FIFA ya kufungana inakuingizia ngapi kwa saa, na hiyo ya kuchanga ngapi? Maana utu ni mzuri lakini Luku hailipwi kwa utu.

#18 Mzee wa Padi

Umenigusa kidonda. TV moja ya FIFA ya kufungana, siku nzuri, mechi tano kwa saa, buku na mia tano. Ya kuchanga ni buku mbili kwa saa, kwa hiyo kwenye karatasi kuchanga kunalipa zaidi. Tatizo ni kwamba kundi halijai. Kupata wanne wenye buku kwa pamoja mchana wa Jumanne ni kazi, wakati wa kufungana wanatosha wawili na ubishi. Kufungana kunajiuza kwenyewe. Ubishi ndio mtaji.

Kwa sasa TV tatu zinabaki FIFA ya zamani. Moja ya kuchanga. Mke wangu anataka ziwe mbili, tunajadiliana.

Ila kitu kimoja nimekipiga marufuku kabisa, cha kuwekeana dau pembeni. Walikuwa wanacheza mechi ya mia tatu huku chini ya benchi kuna buku mbili. Hapo hata gemu la kusali lingeleta ngumi.

#19 Mwalimu wa Zamu

Nimejaribu cha kwako darasani bila umeme. Nina darasa la watoto tisini na kitu, makundi ya kufanya zoezi siku zote yanakuwa na wanaojua wanaandika na wengine wanachora katuni nyuma. Safari hii kila kundi nikagawa: mmoja tu ana rula, mmoja tu ana kalamu, mmoja ndiye anaruhusiwa kuja mbele kusoma swali ubaoni, maana wa nyuma hawaoni. Yule ninayemwona mzito kuliko wote nikampa kuja ubaoni.

Kelele zilikuwa mara mbili. Nusu ya makundi hayakumaliza. Lakini kuna mtoto mmoja, tangu Januari sijamsikia sauti, alikuja ubaoni mara sita, anarudi mbio, na wenzake wanamfokea "Umesoma vibaya, rudi!" na yeye anarudi anacheka.

Kesho yake kwenye uji wamekanyagana vilevile. Sitaki kuwadanganya.

#20 Mama Wawili

Mwalimu ahsante kwa kutotudanganya 😄

Mimi nimemaliza la kuku. Nimemwekea mtoto kengele kwenye simu, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, mlio uleule wa paka wake. Siku nne sasa kopo lina maji. Leo asubuhi kengele haikulia, nilisahau kuchaji. Kopo nimelikuta limejaa. Sijamuuliza, naogopa kumharibia.

Mzee wa Padi, likizo ya mwezi wa sita anakuja kwa shangazi yake Temeke. Hilo jiko lako linapokea wa miaka kumi?

#21 Mzee wa Padi

Linapokea dada yangu, mradi asije na sare na asije na zaidi ya buku. Shangazi yake aje naye siku ya kwanza nimwone.

Umeme umerudi sasa hivi, ngoja nikafungue. Mlangoni wapo wanne na mia tisa na hamsini. Dogo wa chapati naye yumo, amekuja na mdogo wake wa miaka sita, na kwa ninavyosikia kutoka hapa anagoma. Anasema sahani ameosha miezi mitatu, leo aoshe mdogo wake, yeye anataka kisu.